"Mi mbu hawaning'ati," nilikuwa nasema

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na msemo mmoja ambao watu wa karibu yangu walishauchoka: mi mbu hawaning'ati. Tukilala chumba kimoja watu wanne, asubuhi wenzangu wanaamka wamejaa vipele mikono na miguu, wanajikuna mpaka wanatia huruma, mi niko safi kama sikulala pale. Nikaamini kabisa. Nikawa nasema damu yangu chungu, nawacheka wenye damu tamu, na mbaya zaidi nikaanza kulala nje ya neti kwa sababu ya joto na kwa sababu, si hawaning'ati bwana, neti ya nini.

Afu nikapata malaria. Tena sio ile ya kusikia mwili mzito tu, hapana, ile ya kutetemeka chini ya mablanketi mawili mchana wa jua kali, unapimwa mstari wa pili unatokea kwenye kipimo hata hujamaliza kujieleza. Mdogo wangu wa kike alikuja kuniona, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, sasa hiyo malaria kakuletea nani?"

Sikuwa na jibu. Ila nilikuwa na siku kadhaa za kulala tu na simu mkononi, ndo nikaanza kusoma, na nilichokuta kimenifanya nione aibu kidogo na kushangaa sana. Kumbe walikuwa wananing'ata miaka yote hiyo, pengine kuliko hata hao niliokuwa nawacheka. Ni mwili wangu tu uliokuwa umeacha kulalamika.

Tuanze na kipele chenyewe. Wengi tunadhani ile inayowasha ni jeraha, yani mbu katoboa basi panauma. Sio hivyo. Tundu la mbu ni dogo mno, lingekuwa tundu peke yake ungelisahau kabla hujamaliza kumfukuza. Kinachowasha ni mate aliyoyaacha, na kwa usahihi zaidi ni mwili wako wenyewe unavyoyapokea hayo mate. Mbu ameshaondoka zamani, vurugu iliyobaki hapo ni ya kwako.

Na mdomo wake sio sindano moja kama tunavyouchora. Ni sindano sita zimefichwa ndani ya ala, ile ala inajikunja kwa nyuma pale anapozama, haiingii kwenye ngozi. Mbili zina meno kama msumeno, hizo ndo zinakata, mbili zinatanua, moja inanyonya damu, na moja kazi yake ni kudondosha mate. Anayefanya haya yote ni jike tu, anatafuta damu kwa ajili ya mayai, dume anajinywea zake maji matamu ya maua na hana habari na wewe. Hapo kwenye njia mbili, ya mate na ya damu, ndo kuna sehemu ya jibu la lile swali ambalo kila mtu amewahi kuuliza kwa kunong'ona, kwamba mbona mbu haambukizi virusi vya UKIMWI. Damu aliyoinyonya kwa mtu wa kwanza haiwezi kurudi kupitia njia ya mate, na hivyo virusi vyenyewe vikifika tumboni mwa mbu vinasagwa kama chakula kingine. Malaria na dengi ni tofauti kwa sababu vyenyewe vinatoka tumboni, vinasafiri ndani ya mwili wa mbu mpaka kwenye tezi za mate, vinakaa pale kusubiri safari. Vimekata tiketi kabisa.

Sasa hayo mate. Yana protini zaidi ya mia moja za aina mbalimbali, na ukizisoma unajikuta unamheshimu huyu mdudu hata kama hutaki. Fikiria tatizo lake: anataka kunywa damu, na damu yetu imeumbwa iwahi kuziba kila tundu. Mshipa ukitobolewa tu seli zilizoumia zinamwaga kemikali ya kuita msaada, chembe sahani zinakimbilia pale na kujibandika. Mbu ana kimeng'enya kinaitwa apirase kinachoivunja ile kemikali kabla wito haujafika mbali. Mishipa inataka kujibana, yeye ana kitu cha kuitanua. Damu inataka kuganda, mbu wa malaria, yani Anopheles, ana protini inaitwa anofelini inayoikamata thrombini, ambayo ndo fundi mkuu wa kugandisha, na Aedes, yule mbu wa dengi, ana yake inayoshika sehemu nyingine ya mnyororo uleule.

Iliyonichekesha zaidi ni protini za kundi la D7. Kazi yake ni kunasa vitu kama histamini na serotonini vinavyomwagwa pale ngozi inapoumizwa. Histamini ndo inayoleta muwasho na uvimbe, ndo ile tunayopigana nayo kwa vidonge vya alaji, yani mzio. Kwa hiyo mbu anakuja na dawa yake ya alaji mdomoni, anakupaka kimya kimya ili usishtuke mpaka amalize. Shida ni kwamba dozi yake inatosha dakika zake chache tu za kula, baada ya hapo mwili wako unakuwa na histamini nyingi kuliko uwezo wa hizo protini zake kuinasa.

Inatoka wapi hiyo histamini nyingi? Hapa ndo kiini chenyewe. Mtu aliyewahi kung'atwa mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya protini za mate, na aina moja ya hizo kingamwili inaitwa IgE. Hizi hazizururi tu kwenye damu, zinaenda kujikita juu ya seli za masti zilizopo kwenye ngozi, na seli za masti ni kama maghala madogo yaliyojaa histamini. Mbu mwingine akija na mate yaleyale, IgE zinayatambua, ghala linapasuka. Kipele kinapanda ndani ya dakika chache, kinafika kileleni kama dakika 20 hivi, alafu kinashuka. Hilo ni tendo la kwanza. Kuna la pili la polepole, linaletwa na seli nyingine za kinga zinazochelewa kufika, ndo kile kipele kigumu chekundu kinachotokea kesho yake na kukaa siku kadhaa. Ukikikuna unazichokoza seli za masti upya, kinawasha zaidi, unakuna zaidi, mpaka ngozi inachubuka na bakteria wanapata mlango wa bure.

Basi kama ni hivyo mtoto anayeng'atwa na mbu kwa mara ya kwanza kabisa maishani inakuwaje? Hakuna kitu. Hapati kipele. Mwili haujawahi kuyaona hayo mate, haujui hata kama kuna la kulalamikia. Na hapa naomba nimtaje mtu mmoja, Kenneth Mellanby, Mwingereza, ambaye mwaka 1946 aliandika kwenye jarida la Nature kuhusu jinsi binadamu anavyoitikia kung'atwa na mbu. Huyu mzee alikuwa na kipaji cha kuwapata watu wakubali kuteswa na wadudu kwa ajili ya sayansi, wakati wa vita alishafanya majaribio ya upele wa kuambukizana kwa watu waliojitolea, usiku wanalala kwenye nguo za wagonjwa. Kwenye mbu akagundua kuna hatua, na mpangilio wake ndo unaofundishwa mpaka leo. Kwanza hupati chochote. Ukiendelea kung'atwa unaanza kupata kile cha kesho yake tu. Kisha unapata vyote viwili, cha papo hapo na cha kesho. Kisha cha kesho kinapotea, unabaki na cha papo hapo. Na mwisho, ukiwa umeng'atwa sana, kwa muda mrefu, bila kupumzika, hupati chochote tena.

Niliposoma hiyo hatua ya tano nikaweka simu kifuani nikaangalia dari. Ndo mimi huyo. Nilikuwa najisifu kwamba mbu hawanijui kumbe tumezoeana mpaka mwili umechoka kupiga kelele. Na wale wenzangu niliokuwa nawacheka wengi walikuwa wamehamia karibuni, wako hatua ya tatu, wanaonyesha kila kitu.

Ona na hili, hatua ya kwanza na ya tano kwa macho zinafanana kabisa. Mtoto mchanga na mzee aliyeishi na mbu miaka sitini wote ngozi zao kimya, mmoja mwili wake haujui kitu na mwingine unajua mpaka umezoea. Na mazoea yenyewe sio cheti cha kudumu, ukikaa muda mrefu bila kung'atwa yanaweza kupungua, ukirudi unaanza kuvimba tena kama mgeni. Pia yanaendana na aina ya mbu, protini za mate zinafanana kwa kiasi lakini sio zote, ndo maana mtu anaweza kuwa kimya kabisa kwa mbu aliowazoea, akasafiri, akakutana na aina nyingine, akavimba kama mtu aliyeanza kung'atwa juzi.

Kurithi nako kumo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba uliouliza watu kuhusu ukubwa wa vipele vyao, muwasho, na wanavyodhani mbu wanawapenda kiasi gani, na maeneo mengi yaliyojitokeza yalikuwa ya vinasaba vinavyohusika na kinga ya mwili. Ila nisichanganye mambo mawili kama nilivyokuwa nachanganya. Kuvimba ni jambo moja, kupendwa na mbu ni jambo lingine. Hiyo damu tamu tunayoisema haina uhusiano na damu, mbu anafuata hewa unayotoa puani na harufu ya ngozi. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York walivalisha watu soksi za nailoni mikononi, wakawapa mbu wachague, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba wanaopendwa sana ngozi zao zina asidi za mafuta za aina fulani kwa wingi na hali hiyo inabaki hivyo kwa miaka. Kwa hiyo unaweza kuwa kipenzi cha mbu na usiwe na kipele hata kimoja. Au mbu mmoja tu akupitie na uamke jicho limefunga.

Sasa kosa langu kubwa. Hata baada ya kujua haya kuna mtu angeniambia, si afadhali sasa, mwili umezoea mbu maana yake una kinga. Hapana, na hapa ndo ningependa kila mtu aliyewahi kusema kama mimi atulie kidogo. Mwili kuyazoea mate na mwili kuwa na kinga ya malaria ni vitabu viwili tofauti kabisa. Kimoja kinahusu protini za mbu, kingine kinahusu kimelea. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria huwa na kinga fulani, ndio, inayopatikana kwa kuugua mara nyingi, inapunguza makali, lakini haifungi mlango, kimelea kinaingia, na ukikaa mbali na malaria miaka kadhaa hata hiyo inapungua. Kipele kisipotokea haimaanishi kwamba kilichokuwemo kwenye mate hakikuingia. Anopheles mwenye vimelea anaviacha vichache tu kwenye ngozi, mara nyingi havizidi mamia, na hivyo vinajitafutia njia kwenda kwenye ini. Kimoja tu kikifika kinatosha. Mimi nilikuwa naangalia ngozi kama ndo kengele ya hatari wakati kengele yenyewe ilishakatwa waya.

Inazidi kuwa mbaya, maana mate yenyewe hayakai kimya kama abiria. Kwa virusi vinavyoenezwa na Aedes, kama dengi, imeonekana mara nyingi maabara kwamba panya akipewa kirusi pamoja na mate ya mbu anaugua zaidi kuliko akipewa kirusi peke yake kwa sindano. Kwa nini? Moja ya maelezo ninayoyapenda lilitolewa na watafiti wa Uingereza mwaka 2016. Mbu aking'ata, ule uvimbe unakishikilia kirusi palepale kwenye ngozi, na seli za kinga za kwanza kufika, nyutrofili, zinaita wenzao. Wanaoitwa ni pamoja na seli nyingine za kinga, makrofaji na ndugu zao, na hao ndo wale wale ambao kirusi kinapenda kuingia ndani yao na kuzaliana. Yani mwili unaita askari, kirusi kinaona nyumba za kupanga zinajileta zenyewe. Kwenye hao panya walipozuia zile nyutrofili zisije, maambukizi yakapungua nguvu.

Kuna jaribio lingine la mwaka 2018 kutoka Chuo cha Udaktari cha Baylor, Marekani, walitumia panya waliopandikizwa seli za kinga za binadamu, wakawaachia mbu wasio na ugonjwa wowote wawang'ate. Mate matupu, hakuna kirusi. Mabadiliko kwenye seli za kinga yakaonekana sio kwenye ngozi tu bali kwenye damu na mpaka kwenye uboho wa mifupa, na mengine yalikuwa bado yapo siku 7 baadaye. Wiki nzima kwa sababu ya mbu ambaye wewe umeshamsahau.

Sasa kama mate yanafungua mlango kwa ugonjwa, je ukiufundisha mwili kuyakataa mate si unafunga mlango kwa magonjwa mengi kwa mpigo? Wazo hili lina umri. Lilianzia zaidi kwa usubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza kimelea kinachoitwa leishmania. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba mate ya usubi yanakisaidia kimelea kwa panya, na mwaka 2000 wengine wakaonyesha upande wa pili, kwamba panya waliong'atwa kwanza na usubi wasio na kimelea baadaye walikingwa kwa kiasi. Mate yaleyale, mara adui mara mwalimu, inategemea mwili ulikutana nayo lini na vipi. Kwa mbu haijanyooka hivyo, mengine yanaonekana kukinga na mengine kuharibu zaidi, na ndo maana sipendi kabisa mtu anapochukua habari hizi na kusema basi tuwaachie watoto wang'atwe wazoee. Wazoee nini sasa.

Chanjo imejaribiwa lakini. Inaitwa AGS-v, ina vipande vinne vya protini vilivyotengenezwa kwa kuiga mate ya Anopheles gambiae, na mwaka 2017 ilijaribiwa kwenye jaribio la watu 49 wazima wa afya, baadhi yao wakipewa sindano isiyo na chanjo, kwenye hospitali ya utafiti ya NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, kule Bethesda. Baadaye wakang'atwa na mbu wasio na ugonjwa, kwa hiari yao. Matokeo yalitoka kwenye The Lancet mwaka 2020: ni salama na mwili unaitikia. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu, haikulenga kuonyesha kama inazuia ugonjwa wowote. Chanjo za malaria zinazotumika sasa, ile RTS,S iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zinalenga kimelea chenyewe, hazina habari na mate.

Lakini katika yote niliyosoma, kilichonimaliza ni hiki. Kwenye mate ya Anopheles gambiae kuna protini ndogo inaitwa gSG6. Watafiti, wakianzia na watoto wa Senegal, walionyesha kwamba ukipima kingamwili za mtu dhidi ya kipande cha hiyo protini unaweza kujua amekuwa aking'atwa kiasi gani. Kingamwili hizi hazidumu sana, kwa hiyo watu wakianza kulala kwenye neti zinashuka ndani ya wiki chache, wakiacha zinapanda. Kule Angola walitumia njia ya aina hiyo kuangalia kama neti zilizogawiwa zinafanya kazi kweli. Ndo kusema damu ina daftari. Wewe unaweza kumwambia mtafiti mi nalala kwenye neti kila siku, yeye anatabasamu na kuchukua tone moja. Sijawahi kupimwa na sitaki kupimwa, ila najua daftari langu la miaka ile lingesomekaje, na najua mdogo wangu angelisoma kwa sauti.

Ambaye, kwa njia, sasa hivi ananiita mtaalamu. Mwezi uliopita kanipigia usiku, mwanae wa miaka mitatu mguu umevimba kutoka kwenye kifundo mpaka katikati ya ugoko, wa moto, mwekundu, kandambili haiingii. "Kaka we si umesomea mbu, njoo uangalie." Nilienda. Nikamuuliza umeanza lini, akasema jioni hii hii, na kweli katikati kulikuwa na kitundu. Kuna hali inaitwa sindromu ya Skeeter, jina walilipa madaktari wa Kanada mwaka 1999, watoto wadogo hasa wanavimba sana, na wengine wanapata homa, kwa sababu ya mate ya mbu tu. Mara nyingi inadhaniwa ni bakteria wameingia chini ya ngozi. Kitu kimoja kinachosaidia kutofautisha ni muda: alaji inakuja ndani ya masaa, bakteria kwa kawaida wanachukua siku. Lakini mi sio daktari, nikamwambia akipumua kwa shida au midomo ikivimba ni hospitali hapohapo usiku huu, na hata bila hivyo asubuhi apelekwe. Nikachukua kalamu nikachora mstari kuzunguka mwisho wa uvimbe ili tujue kama unapanda.

Asubuhi ulikuwa umerudi ndani ya mstari. Wakampa dawa ya maji ya alaji, setirizini. Finland, ambako mbu wa kiangazi ni balaa, walishaijaribu ikimezwa kabla ya kung'atwa na ikapunguza uvimbe na muwasho. Mtoto akaambiwa ataendelea kuvimba hivi muda, wengi inawaisha wakikua.

Kilichomfurahisha yeye ni ule mduara wa kalamu, hakutaka uoshwe. Siku ya pili kanifuata kachukua kalamu ileile, kanishika mkono, kaugeuza huku na huku anatafuta. "Mjomba, we huna?" Nikamwambia chora tu, popote. Akachora miduara sita kwenye ngozi safi kabisa isiyo na kipele hata kimoja, nami nikamwacha, maana kwa hesabu ya miaka yangu ile ya nje ya neti alikuwa bado hata hajaanza.